Gari Likizima Likiwa Moto, Pima Kabla ya Kununua

Darasa letu la umekanika lilipata somo njiani, nasi tumeona tuwagawie.

Mzee mmoja wa kijiji jirani hubeba wagonjwa kwa Noah yake. Ikipata moto inazima, ikipoa inawaka. Fundi akamwambia anunue pampu ya mafuta. Akanunua, pesa ikaenda, na gari likazima tena, mara hii na mama mwenye uchungu ndani. Tunashukuru, pikipiki ilimfikisha hospitali salama.

Tulipopiga stata, mshale wa mzunguko wa injini haukuinuka hata kidogo. Hapo tukashuku sensa ya kranki. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari injini inazunguka kwa kasi gani. Ikinyamaza, hakuna cheche wala petroli.

Lakini kushuku siyo kujua. Tulikagua kwanza waya na soketi, vilikuwa vizima. Kisha tukapima sensa kwa mita: ikiwa baridi ilisoma, ikiwa moto haikusoma kitu. Waya wa ndani umekatika!

Kubadili siyo kazi kubwa. Acha injini ipoe, chomoa waya hasi wa betri, chomoa soketi, fungua bolti (yetu ilikuwa ya spana namba 10). Safisha tundu, paka oili kwenye raba ya sensa mpya, ingiza taratibu, usigonge.

Sasa Noah inakwenda. Ile pampu ya zamani? Ilikuwa nzima kabisa. Vijana, mita kwanza, duka baadaye.