Skana hununuliwa mara moja, hifadhi hulipiwa kila mwezi

Kampuni zinazotamba katika biashara ya skana za patholojia hazizidi vidole vya mikono: Leica, Philips, Roche, Hamamatsu ya Japani, 3DHISTECH ya Hungaria na wenzao wachache. Mashine zao hupiga picha slaidi nzima ya tishu, daktari aliye mbali akaisoma kwenye kompyuta bila hadubini. Kwa miaka mingi wateja wakubwa walikuwa watafiti na vyuo. Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mfumo wa Philips utumike kutoa majibu ya wagonjwa, na soko likachangamka. Korona ilipowafungia madaktari majumbani mwaka 2020, hata waliokuwa wakisitasita waliagiza.

Mnunuzi huanza kwa kuuliza bei ya skana. Angeanza na ukubwa wa faili. Tishu ya milimita 15 kwa 15, ikipigwa kwa ukuzaji wa 40X ambapo pikseli moja ni robo ya mikroni, hutoa pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Kabla ya kubanwa ni zaidi ya gigabaiti 10. Ikibanwa hubaki moja hivi. Maabara yenye slaidi 100 kwa siku hujaza gigabaiti 100 kila siku, na kumbukumbu za wagonjwa hazifutwi ovyo. Intaneti haitishi kiasi hicho, kwa kuwa seva humpelekea msomaji vipande anavyovitazama tu, si faili lote. Diski ndizo zinazokula bajeti, na wauzaji wengi hawalitaji hilo mpaka waulizwe.

Lakini kabla ya skana na diski kuna maabara yenyewe, na Malawi ilianzia hapo. Hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe, ilifungua maabara ya patholojia mwaka 2011 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha North Carolina. Vikao vya kila wiki vya kujadili slaidi na wenzao wa Marekani kwa njia ya mtandao vilifuata, maabara ikiwa imeshasimama. Mpangilio huo una maana yake kibiashara: tishu iliyochelewa kutiwa kwenye formalini ya kuihifadhi, au iliyokatwa nene, haiponywi na skana. Hospitali inayopuuza hilo italipa fedha nyingi kuhifadhi picha mbovu.

Kuna mtego mwingine. Kampuni kadhaa zina aina zao za mafaili: .svs ya Leica, .ndpi ya Hamamatsu, .mrxs ya 3DHISTECH. Programu ya bure ya QuPath, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, husoma mengi ya hayo, lakini hospitali haiwezi kuendesha huduma kwa kutegemea kila mshirika awe na programu inayofaa. Njia ya kuukwepa mtego huo ni mfumo mmoja wa mafaili kwa wote: kiwango cha DICOM, kilichozoeleka kwenye eksirei, kimejumuisha slaidi tangu 2010.

Kwa hiyo kamati ya manunuzi isisaini mkataba usioitaja DICOM kwa jina, wala usiosema nani atalipia hifadhi kuanzia mwaka wa pili.