Sarafu za saizi moja zinavyohangaisha kompyuta

Mwaga sarafu zako zote kwa meza. Kila sarafu ni mtu. Mbili zikigusana bila kupandana, hao ni mabeshte. Zisipogusana, hawajuani.

Sasa geuza hiyo stori. Mtu akupee listi ya nani anajuana na nani, halafu akuulize: sarafu zinaweza kupangwa vile listi inasema? Jibu linategemea saizi.

Kama uko huru kutumia saizi yoyote, hiyo ni mteremko. Mwaka wa 1936, Mjerumani Paul Koebe alithibitisha kuwa listi yoyote inayochoreka kwa nukta na mistari, bila mistari kukatana, inapangika pia kwa sarafu. Kwa hivyo kompyuta inacheki mistari tu. John Hopcroft na Robert Tarjan walichapisha njia ya kucheki chapchap mwaka wa 1974: nukta zikiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka kama mara mbili hivi.

Lakini sema sarafu zote ziwe mbao. Ngori inaanza. Mbao moja inazungukwa na mbao sita peke yake, na hizo sita lazima zigusane zenyewe kwa zenyewe. Kumaanisha msee mwenye mabeshte sita wasiojuana hatoshei kwa meza. Hata wasee wanne wanaojuana wote hawawezekani, ju mbao tatu zikigusana, ya nne haiingii katikati.

Hizo ni rahisi kushtukia. Listi ikiwa ya watu mia, unarekebisha hapa, unaharibu kule. Miaka ya 1990, Heinz Breu na David Kirkpatrick walionyesha kuwa hili swali ni la lile kundi sugu linaloitwa NP-gumu. Hata ukiruhusiwa saizi tofauti, bora kubwa isizidi ndogo kupita kiwango kilichowekwa, bado ni ngumu.

Hakuna mtu amewahi pata njia ya haraka inayofanya kazi kwa kila listi. Na ukiipata, umemaliza swali la P na NP, lenye Clay Mathematics Institute iliwekea zawadi ya dola milioni 1 mwaka wa 2000.

Kwa hivyo kompyuta kuwa na spidi si kila kitu. Ukibadilisha sheria moja ndogo tu, swali la sekunde linageuka kuwa la miaka.