Pumba Zenye Kuvu Humuua Mbwa

Huku kwetu Maguu mbwa si pambo. Ndiye anayelala nje kwenye baridi ya milimani akilinda nyumba na kuku. Mahindi yakikomaa kwenye ngoro, ndiye anayefukuza nyani mchana na nguruwe pori usiku. Lakini tukiulizana mbwa huyo anakula nini, wengi wetu tunajibu, "Ah, anakula anachopata." Hebu tukitazame hicho anachopata.

Ugali wenyewe haumdhuru. Mwaka 2013 wanasayansi wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa, kwa kuishi na wanadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kuyeyusha wanga tumboni kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambaye ndiye ndugu yake wa asili. Ila ugali mtupu haujengi mwili. Tumchanganyie dagaa kutoka ziwani, au maharage yaliyoiva sana. Maharage mabichi yana sumu, humtapisha.

Shida iko kwenye unga. Sisi tunakoboa mahindi, tunakula sembe, pumba tunampikia mbwa. Tena tukichambua mahindi na kukuta yameoza, tunayaweka pembeni: "Haya ya mbwa." Na huku kwetu, wakati wa ukungu na manyunyu, mahindi huchelewa kukauka. Yakiingia ghalani yana unyevu, huota kuvu.

Aina fulani za kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuichemsha hakuiondoi. Hata ukipika uji wa pumba kutwa nzima, imo tu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: sumu hukaa zaidi kwenye ganda la nje na kwenye kiini cha punje. Kwa hiyo mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba. Yaani tunampa mbwa ile sehemu mbaya kuliko zote, naye ni mnyama anayedhurika upesi na sumu hii.

Sumukuvu huharibu ini. Mbwa hukataa chakula, hutapika, hulegea. Macho na fizi hugeuka manjano. Pengine hunya kinyesi cheusi chenye damu, au tumbo hujaa maji. Hapo watu husema amerogwa, au jirani amempa sumu. Ugomvi unaanza bure! Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini hakuna. Bwana mifugo anaweza kumsaidia tu akiitwa mapema.

Na tusidhani haya ni ya mbwa peke yao. Mwaka 1974 huko India watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye kuvu, na mbwa wa nyumba hizo waliugua ugonjwa ule ule. Mwaka 2005 huko Marekani mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Hapa Tanzania, mwaka 2016, sumu hii iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi mbwa akigeuka manjano, tukalikague ghala letu siku hiyo hiyo.

Tuanike mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kabla ya kuyahifadhi tuyapime: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Yaliyoota kuvu tuyafukie. Wala kuku wasipewe.

Mambo mengine ni mepesi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo, tusimpe. Vitunguu huharibu damu yake. Kahawa pia ni sumu kwake, kwa hiyo wakati wa mavuno tusimwache ale matunda yake wala buni.

Mbwa mkubwa akiharisha kidogo, asile nusu siku, lakini maji anywe. Kisha apewe uji mwepesi wa mchele. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula. Akiharisha damu, apelekwe kwa bwana mifugo haraka.

Bado minyoo. Watoto wa mbwa huipata tangu tumboni mwa mama yao, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 mpaka waache kunyonya. Mkubwa apewe kila miezi 3. Kipimo hutegemea uzito. Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani ya kupimia magunia, andika. Kisha panda peke yako, utoe. Mkiwa pamoja kilo 72 na wewe kilo 58, mbwa ana kilo 14. Andika hiyo 14 kwenye karatasi, uende nayo duka la dawa za mifugo.