Corvair, gari dogo lililoshutumiwa kuua, lapelekwa mashindanoni

Novemba 1965, mwanasheria Mmarekani Ralph Nader alitoa kitabu ambacho sura yake ya kwanza ililenga gari moja dogo, Chevrolet Corvair. Alidai kwamba linaweza kumponyoka dereva kwenye kona. Wakati huohuo Don Yenko, muuza magari na dereva wa mashindano kutoka Canonsburg, Pennsylvania, alikuwa akitafuta Corvair 100 za kupeleka uwanjani.

Malalamiko yalikuwa na msingi. Injini ya Corvair ilikaa nyuma, ikipozwa kwa hewa, si kwa maji. Uzito ukaelemea nyuma, na kwa magari ya 1960 hadi 1963 gurudumu la nyuma liliweza kujikunja chini ya gari kwenye kona kali. Kiwanda kilitaka matairi ya mbele yajazwe upepo pauni 15 na ya nyuma 26. Ni wenye gari wangapi wangelikumbuka hilo kila asubuhi? Kwa magari ya 1965, mfumo wa springi za nyuma ulibadilishwa kabisa.

Hapo ndipo Yenko alipoanzia. Hakuweka injini kubwa, dawa iliyozoeleka Marekani. Aling'oa kiti cha nyuma, kwa kuwa chama cha mashindano SCCA kilitaka gari la watu wawili, tena 100 yawe tayari ifikapo 1 Januari 1966. Kifuniko cha injini kikawa cha faibaglasi ili kupunguza uzito. Usukani ukafanywa kuitikia haraka, springi zikakazwa, breki zikapewa mifumo miwili, mmoja ukikatika mwingine ushike. Injini ileile ya lita 2.7, yenye kabureta nne, ikapanda kutoka nguvu za farasi 140 hadi 160, na iliyoandaliwa kwa mashindano pekee ikavuka 200. Yote yalipakwa rangi nyeupe na mistari ya bluu, yakaitwa Yenko Stinger.

Mwaka 1967 Jerry Thompson alitwaa kwa Stinger ubingwa wa kitaifa wa SCCA, daraja la D Production. Lakini wanunuzi walishakimbia, wengi wakiivutiwa Ford Mustang, na Yenko mwenyewe akahamia Camaro zenye injini ya lita 7.

Corvair ya mwisho ilitoka kiwandani Mei 1969. Mwaka 1972, ripoti ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba hata yale ya 1960 hadi 1963 hayakuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake.