Punguzo la Bei au Gari Lisilobugia Mafuta? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua SUV

Kila mwaka unapokaribia kuisha, maduka ya kuuza magari mapya hutundika mabango ya ofa. Punguzo la Sh200,000, punguzo la Sh300,000, bima ya mwaka wa kwanza bure, huduma ya gereji bila malipo hadi kilomita fulani. Kwa mkazi wa Nakuru ambaye amekuwa akiweka akiba kwenye sacco kwa miaka kadhaa ili anunue SUV, tarakimu hizo huvutia sana. "Mama, ofa hii inaisha Ijumaa," muuzaji humwambia, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Suala la gari hilo litakula mafuta kiasi gani huja baadaye, kwenye kituo cha mafuta.

Punguzo hupatikana mara moja tu. Mafuta hununuliwa kila wiki kwa miaka yote ambayo gari litakuwa mikononi mwa mwenyewe. Hata hivyo, si kweli kwamba gari linalotumia mafuta kidogo ndilo nafuu kwa kila mtu. Kinachoamua ni idadi ya kilomita ambazo mnunuzi huendesha kwa mwezi, na idadi hiyo muuzaji haijui.

Chukulia magari mawili mapya ya SUV yenye nafasi sawa. La kwanza bei yake ilikuwa Sh4,800,000, na baada ya punguzo la Sh300,000 linauzwa Sh4,500,000. Linakwenda kilomita 9 kwa lita moja ya petroli. La pili linauzwa Sh4,700,000 bila punguzo lolote, lakini linakwenda kilomita 13 kwa lita. Tofauti ya bei ni Sh200,000. Kwa urahisi wa hesabu, petroli ihesabiwe Sh180 kwa lita.

Mfanyabiashara mwenye duka la pembejeo mjini Nakuru na jingine Molo, anayekwenda na kurudi mara kadhaa kwa wiki, anaweza kufikisha kilomita 1,500 kwa mwezi bila shida. Gari la kwanza litamtaka lita 167, yaani takriban Sh30,000 kwa mwezi. La pili litamtaka lita 115, takriban Sh20,770. Tofauti ni Sh9,230 kila mwezi. Kwa kasi hiyo, zile Sh200,000 za ziada zinarudi mfukoni baada ya miezi 22. Kuanzia mwezi wa 23 gari lisilokuwa na punguzo ndilo linalomwekea pesa.

Sasa mtazame mhasibu anayeishi Section 58 na kufanya kazi katikati ya jiji. Akijumlisha safari za kazini, sokoni na kanisani, anaendesha kilomita 400 kwa mwezi. Kwake tofauti ya mafuta kati ya magari hayo mawili ni Sh2,460 tu. Itamchukua miaka 6 na miezi 9 kufidia Sh200,000. Huyu akichukua gari lenye punguzo hajakosea, hata kama jirani yake atamcheka kwamba amenunua gari la kunywa mafuta.

Kwa mfano huu, mtu anayelipa taslimu na anayetaka kurudisha pesa zake ndani ya miaka mitano anahitaji kuendesha angalau kilomita 540 kwa mwezi ndipo gari la bei ya juu limfae. Kila mnunuzi anaweza kupata idadi yake mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kwanza agawanye kilomita zake za mwezi kwa kilomita ambazo kila gari linakwenda kwa lita. Kisha atoe jibu dogo kwenye jibu kubwa na azidishe kwa bei ya mafuta. Atakachopata ni akiba ya mwezi. Tofauti ya bei ya magari ikigawanywa kwa akiba hiyo, jibu ni idadi ya miezi ya kusubiri.

Wengi hununua kwa mkopo, na hapo hesabu hubadilika kidogo. Kukopa Sh200,000 za ziada kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba inayokokotolewa kwa salio linalopungua, na kulipa kwa miezi 48, kunaongeza takriban Sh5,570 kwenye awamu ya kila mwezi. Mfanyabiashara wa Molo bado yuko mbele tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu anaokoa Sh9,230 kwenye mafuta. Mhasibu wa Section 58 anatoa Sh5,570 ili aokoe Sh2,460. Kwa mkopo wa aina hiyo, mpaka wa faida unapanda hadi karibu kilomita 900 kwa mwezi. Mkopaji aulize pia kama riba inakokotolewa kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Asilimia ile ile ya riba inaweza kumgharimu zaidi kwa njia hii ya pili.

Bei ya mafuta nayo haitulii. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei za juu zaidi za rejareja tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Nakuru hutajwa peke yake katika tangazo hilo, pamoja na Mombasa, Nairobi, Eldoret na Kisumu. Katikati ya Oktoba 2023 petroli ilifika Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi. Bei ikirudi pale, yule mfanyabiashara atafidia Sh200,000 zake kwa miezi 18 badala ya 22. Mwenye gari linalokula mafuta mengi ndiye huumia kwanza bei inapopanda. Ndani ya kila lita mna pia ushuru wa kudumisha barabara, ambao ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mwezi wa Julai 2024. Kwa kilomita 1,500 za mwezi, gari la kilomita 9 kwa lita hulipa ushuru huo zaidi ya Sh4,100, na lile la kilomita 13 halifiki Sh2,900, ilhali yote mawili yamepita barabara ile ile.

Kuna jambo moja ambalo huwapotosha hata watu wazoefu. Tofauti ya kilomita mbili kwa lita si sawa kila mahali. Kwa mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, kutoka gari la kilomita 8 kwa lita hadi la kilomita 10 kunaokoa lita 500. Kutoka gari la kilomita 14 hadi la kilomita 16 kunaokoa lita 179 pekee. Kwa hiyo anayelinganisha magari mawili ambayo tayari yanatumia mafuta kidogo asilipe pesa nyingi kwa tofauti hiyo. Anayelinganisha SUV kubwa zenye injini nzito, hata kilomita moja zaidi kwa lita ni pesa za kweli. Ndiyo maana baadhi ya nchi hutumia lita kwa kila kilomita 100, ambapo tofauti huonekana wazi. Mnunuzi akiona kwenye kijitabu cha gari lita 7 kwa kilomita 100, agawanye 100 kwa 7 apate kilomita 14.3 kwa lita.

Lakini namba za kwenye kijitabu zisichukuliwe kama ahadi. Hupatikana katika maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, bila matope, bila abiria saba na bila magunia. Barabara za kaunti hii ni jambo jingine. Jiji la Nakuru liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Mau Summit hupanda zaidi kupitia Salgaa na Sachangwan. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu, kwa hiyo dereva hukanyaga zaidi. Injini ndogo yenye tabo haiathiriki sana. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na betri, huokoa mafuta zaidi ndani ya mji kwa sababu hurudisha nguvu kwenye betri kila dereva anaposhika breki. Kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, kwa mwendo mmoja wa kasi, faida hiyo hupungua. Anayekwama kwenye foleni za Kenyatta Avenue kila asubuhi ataiona kuliko anayesafiri usiku kwenda Naivasha.

Njia nzuri ya kupata namba halisi ni kumtafuta mtu mwenye gari la aina hiyo hiyo na injini hiyo hiyo, anayepita barabara zinazofanana, na kumwomba apime. Ajaze tangi hadi pampu ijikate, arudishe mita ya safari kwenye sifuri, aendeshe kilomita mia tatu au zaidi, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile. Kilomita zigawanywe kwa lita zilizoingia mara ya pili. Kompyuta ya dashibodi inasaidia, ila nyingi hupenda kumpendeza mwenye gari.

Kuhusu kuendesha magurudumu yote manne, swali ni moja: mnunuzi hupita wapi msimu wa mvua? Mkazi wa Kuresoi au wa sehemu za Njoro zenye udongo unaoteleza ana sababu nzuri. Anayetumia lami mwaka mzima analipia uzito na vyuma vya ziada vinavyokula mafuta kila siku, na mara nyingi anachohitaji ni gari lililoinuka tu. Dizeli nayo humfaa anayesafiri mbali. Magari mapya ya dizeli huwa na kichujio cha moshi ambacho husafishika injini ikipata moto vizuri, na safari fupi za mjini hukiziba. Kukibadilisha ni ghali.

Punguzo lenyewe pia lichunguzwe. Gari linalopewa punguzo kubwa mwezi wa Januari mara nyingi lilitengenezwa mwaka uliopita au hata kabla yake. Ni jipya, halijaendeshwa, lakini siku ya kuliuza mnunuzi wa pili atatazama mwaka wa kutengenezwa kwenye kitabu cha umiliki, wala hatadanganywa na herufi mpya za namba. Sehemu ya punguzo hurudi kwake siku hiyo. Punguzo la vitu, kama vile zulia, kamera au vioo vya giza, lisihesabiwe kwa bei iliyoandikwa kwenye bango bali kwa kile ambacho mnunuzi angekubali kulipa kwa hiari yake. Bima ya bure ya mwaka mmoja ina thamani halisi, kwa kuwa bima kamili hutozwa kama asilimia ya thamani ya gari. Mwaka wa pili mnunuzi huilipa mwenyewe, na gari la bei kubwa hutozwa zaidi. Bei ya matairi nayo iulizwe, maana rimu pana za kuvutia huja na matairi ghali.

Ni vyema pia kujua bei ya gari hilo kabla ya ofa kutangazwa. Mnunuzi anaweza kuomba bei kwa maandishi katika maduka mawili au matatu mwezi mmoja au miwili kabla ya msimu wa ofa, kisha kulinganisha. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mteja kwamba kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Anayeamini kwamba bei ilipandishwa kwanza ndipo "ipunguzwe" anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Atahitaji ushahidi: karatasi ya bei ya awali, tangazo la ofa na risiti. Karatasi ya bei ionyeshe mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kila kitu kilichoahidiwa bure, na tarehe ambayo ofa inakoma. Muuzaji akisita kuyaandika hayo, Ijumaa ipite tu.