Kumbukumbu na Nyaraka za Mashindano ya Usanifu Majengo

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi chache zihusuzo uhifadhi wa kumbukumbu za mashindano ya usanifu majengo, na kuonyesha kwamba uteuzi wake si shughuli ya wanalugha peke yao.

Shindano la usanifu majengo ni utaratibu ambao mwenye haja ya kujenga, aghalabu serikali, shirika au jiji, hutangaza haja hiyo pamoja na masharti yake, kisha hualika wasanifu walete mapendekezo. Jopo la waamuzi huyapima na kuteua moja. Hilo moja likijengwa, mengine yote hubaki katika karatasi. Je, karatasi hizo ni taka za ofisi au ni urithi wa utamaduni?

Mfano mashuhuri ni wa Chicago, Marekani. Mwaka 1922 gazeti la Chicago Tribune lilitangaza shindano la kusanifu makao yake makuu, kwa zawadi za jumla ya dola 100,000. Mapendekezo zaidi ya 260 yalipokewa. Walioshinda ni John Mead Howells na Raymond Hood, na mnara wao ulikamilika mwaka 1925. Pendekezo la Eliel Saarinen wa Ufini lilipata nafasi ya pili, wala halikujengwa. Hata hivyo liliathiri sana usanifu wa majengo marefu ya miaka iliyofuata. Michoro ya washindani ilichapwa kitabuni mwaka 1923, na ndiyo maana hata leo twaweza kumlinganisha aliyeshinda na walioshindwa.

Mfano wa pili ni Jumba la Opera la Sydney, Australia. Shindano lake, lililoamuliwa mwaka 1957, lilipata mapendekezo 233. Miongoni mwa waamuzi wanne alikuwamo Eero Saarinen, mwana wa Eliel tuliyemtaja. Katika ripoti yao waamuzi walikiri kwamba michoro ya Jørn Utzon wa Denmark ilikuwa sahili mno, lakini kila mara walijikuta wakiirudia. Jengo lenyewe, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, haliwezi kutusimulia jambo hilo. Ripoti ndiyo inayolisimulia.

Sasa tuzitazame istilahi zenyewe.

Kwanza, *ramani*. Katika mazungumzo ya kila siku mchoro wowote wa nyumba huitwa ramani. Kwa kazi ya uhifadhi neno hili halitoshi, kwa kuwa mshindani huleta pia michoro ya sura ya jengo, maelezo ya maandishi, na pengine mfano mdogo wa jengo lenyewe. Yafaa vyote kwa pamoja viitwe *pendekezo*.

Pili, *masharti ya shindano* na *ripoti ya waamuzi*. Ya kwanza hueleza jamii ilitaka nini. Ya pili hueleza kwa nini ilichagua ilichochagua. Pendekezo lisilo na viwili hivi ni jibu lisilo na swali.

Tatu, *kumbukumbu* na *nyaraka*. Wengi huyatumia maneno haya kama visawe. Katika taaluma ya uhifadhi nchini Tanzania, kumbukumbu ni maandishi na michoro inayotokana na shughuli za ofisi. Nyaraka ni zile kumbukumbu zilizoteuliwa kuhifadhiwa daima kwa thamani yake. Tofauti hii ina uzito, maana hapana kumbukumbu igeukayo nyaraka yenyewe. Lazima mtu aamue.

Na uamuzi huo huanzia kwenye jina. Karani wa masjala akiandika juu ya jalada “Ramani ya Mshindi”, mapendekezo mengine hayana mahali pa kukaa, na siku ya kusafisha ghala yatakuwa ya kwanza kutupwa. Akiandika “Kumbukumbu za Shindano”, masharti, mapendekezo yote na ripoti vitakaa pamoja, na mtafiti wa kesho atajua si tu tulichojenga, bali pia tulichokifikiria tukakiacha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mapendekezo yaliyoshindwa nayo ni mali. Tuyape jina kwanza, ndipo tutakapoweza kuyatunza.