KUANDAA KOMPYUTA ZA LINUX KWA AJILI YA KUFUNDISHA UTENGENEZAJI WA MICHEZO



Kompyuta nyingi zinazofika katika vituo vya vijana hutumika kuandika barua na kutazama picha, basi. Kamati zikielezwa kwamba kompyuta hizo hizo zinaweza kufundishia utengenezaji wa michezo, swali la kwanza huwa: je, huko si kuwapotezea vijana muda? Na wafadhili huuliza la kwao: je, kuna leseni za kulipia kila mwaka? Katika toleo hili tunaeleza kazi yenyewe ilivyo, hatua kwa hatua, ili kamati iweze kumsimamia fundi wake na kujua kama kazi iliyolipiwa imekamilika.

KWA NINI MCHEZO?

Kijana anayetengeneza mchezo mdogo wa mpira unaodunda kwenye kioo cha kompyuta analazimika kujua mpira upo wapi, unakwenda upande gani, kwa kasi gani, na ufanye nini ukigonga ukuta. Hiyo ni hesabu ya darasani, ila hapa jibu linaonekana kwa macho. Akikosea alama ya kutoa, mpira hutoka nje ya kioo na hauonekani tena. Hahitaji mwalimu kumwambia kwamba amekosa. Ujuzi huo huo wa kupanga maagizo kwa mpangilio ndio unaotumika katika programu za hesabu za duka, za zahanati na za benki.

VITU VITATU VINAVYOHITAJIKA

Cha kwanza ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Inatolewa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuinakili na kuigawa. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na jina lake ni neno la kwao lenye maana ile ile ya neno letu "utu". Kwa kompyuta zenye nguvu ndogo zipo Xubuntu na Lubuntu, ambazo ni nyepesi zaidi.

Cha pili ni maktaba ya programu. Hapa hatusemi juu ya chumba cha vitabu. Maktaba ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine: kufungua dirisha, kuchora picha, kupiga sauti, kusoma vitufe. Fundi wa nyumba hachomi kila tofali mwenyewe. Hununua yaliyo tayari na kujenga. Maktaba tunayoielezea inaitwa SDL, iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Toleo lake la pili, SDL 2, lilitoka mwaka 2013. Leseni yake inamruhusu kijana kuuza mchezo alioutengeneza bila kumlipa mtu yeyote.

Cha tatu ni karakana, yaani programu moja inayokusanya mahali pa kuandikia, kompaila ya kugeuza maandishi kuwa programu, na chombo cha kutafutia makosa. Tunachagua Code::Blocks kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi, na inafanya kazi bila intaneti.

HATUA ZA KUWEKA

1. Fungua terminali na uandike maagizo haya mawili. Kompyuta itaomba nywila.

sudo apt update
sudo apt install build-essential codeblocks libsdl2-dev

Tafadhali angalieni herufi "-dev" mwishoni. Ndizo zinazowakwamisha wengi. SDL hugawanywa katika mafungu mawili: fungu la kuchezea michezo na fungu la kutengenezea. Anayekula mkate hahitaji tanuri, lakini anayeoka anahitaji. Kompyuta inaweza kucheza michezo ya SDL vizuri kabisa na bado ikashindwa kutengeneza hata mmoja, kwa kuwa fungu la "-dev" halipo.

2. Fungua Code::Blocks. Chagua "File", kisha "New", kisha "Project", kisha "Console application". Chagua lugha ya C na uupe mradi jina.

3. Mradi ukifunguka, nenda "Project", kisha "Build options". Upande wa kushoto bonyeza jina la mradi lililo juu kabisa, ili mabadiliko yahusu mradi wote. Katika "Compiler settings", sehemu ya "Other compiler options", andika:

`sdl2-config --cflags`

Halafu katika "Linker settings", sehemu ya "Other linker options", andika:

`sdl2-config --libs`

Alama zinazozunguka maneno hayo si alama za kunukuu za kawaida. Katika kibodi nyingi zipo kwenye kitufe kilicho chini ya Esc. Agizo la kwanza linamwonyesha kompaila mahali maelezo ya maktaba yalipo. La pili linaiunganisha maktaba na programu ya mwanafunzi. Yote mawili yanahitajika.

4. Futa yaliyomo katika faili la main.c na uandike haya:

#include <SDL.h>
int main(int argc, char *argv[])
{
    SDL_Init(SDL_INIT_VIDEO);
    SDL_Window *dirisha = SDL_CreateWindow("Karibu", 100, 100, 640, 480, 0);
    SDL_Renderer *brashi = SDL_CreateRenderer(dirisha, -1, 0);
    SDL_PumpEvents();
    SDL_SetRenderDrawColor(brashi, 0, 120, 60, 255);
    SDL_RenderClear(brashi);
    SDL_RenderPresent(brashi);
    SDL_Delay(5000);
    SDL_Quit();
    return 0;
}

5. Bonyeza F9. Dirisha la kijani lenye jina "Karibu" litaonekana kwa sekunde 5 na kujifunga. Angalieni kwamba maneno "dirisha" na "brashi" ni ya Kiswahili. Majina ya vitu mwanafunzi huyachagua mwenyewe, na kwa wanaoanza hili ni msaada mkubwa.

MAKOSA MAWILI YA KAWAIDA

Likitokea kosa linalosema "SDL.h: No such file or directory", kompaila hakuyaona maelezo ya maktaba. Ama fungu la "-dev" halikuwekwa, ama agizo la kwanza la hatua ya 3 limekosewa.

Likitokea "undefined reference to SDL_Init", maelezo yameonekana lakini maktaba haikuunganishwa. Angalia agizo la pili la hatua ya 3.

Pia jihadharini na masomo ya zamani. Yapo yaliyoandikwa kwa ajili ya SDL 1.2, na sasa yapo ya SDL 3, iliyotolewa Januari 2025. Matoleo haya hayachanganywi. Ubuntu 24.04 ina SDL 2 katika ghala lake lakini haina SDL 3, kwa hiyo kwa vituo vyenye mfumo huo SDL 2 ndiyo njia rahisi.

MAHALI PASIPO NA INTANETI YA KUTOSHA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kituo chenye kompyuta 15 kikipakua kwenye kila moja, kinalipia mzigo ule ule mara 15. Si lazima. Katika kompyuta moja iliyowekewa mfumo upya, baada ya "sudo apt update", andika:

sudo apt install --download-only build-essential codeblocks libsdl2-dev

Mafaili yatapakuliwa bila kuwekwa, na yatabaki katika folda ya /var/cache/apt/archives. Nakili yote yenye mwisho wa .deb kwenye folda tupu ya flashi. Kisha katika kila kompyuta fungua terminali ndani ya folda hiyo na uandike:

sudo apt install ./*.deb

Masharti ni mawili. Kompyuta zote ziwe na toleo moja la mfumo na aina moja ya prosesa. Mafaili ya biti 64 hayawekwi katika mashine ya biti 32. Na ile ya kupakulia iwe sawa na nyingine, kwa sababu ikiwa tayari ina baadhi ya mafungu haitayapakua tena, na nyingine zitapungukiwa. Neno "--download-only" lisisahauliwe, kwani bila hilo apt huyafuta mafaili mara inapomaliza kuyaweka.

KAMATI IANGALIE NINI?

Mjumbe wa kamati hahitaji kuwa mtaalamu ili kupokea kazi. Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, tunashauri mambo manne:

(a) Achague kompyuta mbili yeye mwenyewe, si zile alizoonyeshwa, na aombe mradi mpya uanzishwe mbele yake mpaka dirisha la kijani lifunguke.

(b) Ahakikishe kwamba intaneti imezimwa wakati wa jaribio hilo.

(c) Aombe flashi yenye mafaili ya .deb ibaki kituoni, ikiwa imeandikwa toleo la mfumo. Kompyuta ikiharibika baada ya miezi sita, hakutakuwa na haja ya kununua bando upya.

(d) Ahakikishe kwamba mwalimu wa kituo, si fundi peke yake, amefanya hatua zote tano kwa mkono wake.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Programu hizi hazina gharama ya leseni, lakini mwalimu anayezifahamu hapatikani bure. Kamati inayopanga bajeti ya kompyuta bila siku za mafunzo ya mwalimu inanunua samani. Ndugu wafadhili, nanyi mnapotoa kompyuta, tunawaomba mfikirie pia nauli na posho ya siku hizo chache. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na bei ya mashine, na ndicho kinachoamua kama vijana watajifunza au watabaki kutazama.